Namba tatu za tairi: historia fupi ya joto kwenye magemu ya mbio za magari

Wiki hii sina habari za mgahawa wala za foleni ya fotokopi. Wengi wenu mnajua mie nasoma historia, na mnajua pia kwamba laptopu yangu haina sinema hata moja, ina magari tu. Sasa tangu ligi yetu ya bweni ianze kuna ubishi hauishi. Jamaa mmoja wa uhandisi anashikilia kwamba zile namba za joto la tairi ni mapambo. Eti watengeneza gemu wameweka rangi ya bluu, kijani na nyekundu ili mchezaji ajione dereva kweli. Mie nasema sivyo... ingawa hata mimi siziamini kwa asilimia mia. Na kwa kuwa yeye ana mahesabu na mimi nina historia, nimeamua kumjibu kwa silaha niliyonayo. Wasiopenda magari mnivumilie, kuna mambo ya kufa na kupona humu ndani.

Tuanze na mpira wenyewe, maana bila huo hakuna ubishi. Mpira mbichi ulikuwa bidhaa ya ajabu: joto likizidi unayeyuka na kunata, baridi ikija unakuwa mgumu na kupasuka. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear akagundua kwamba ukiuchanganya na salfa na kuupika, unatulia. Akapata hataza mwaka 1844. Lakini kutulia si kuponywa. Hata mpira uliopikwa una tabia yake ya zamani kwa ndani: ukipoa sana unakakamaa kama plastiki, ukipata joto la kiasi unalainika na kujipachika kwenye vijishimo vya lami, ukichemka unaanza kuteleza juu ya ute wake mwenyewe.

Ushahidi maarufu zaidi wa tabia hiyo hautoki hata kwenye tairi. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Challenger kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka, watu saba wakafa. Wiki mbili baadaye, mbele ya kamera, mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha mpira wa aina iliyotumika kuziba maungio ya roketi, akakibana kwa koleo dogo, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu. Alipokitoa na kukiachia, hakikurudi haraka kwenye umbo lake. Basi, hiyo tu. Asubuhi ya kuruka ilikuwa ya baridi kali, mpira ukashindwa kufanya kazi yake. Mtu akikwambia nyuzi chache za joto kwenye mpira ni mapambo, mpelekee hadithi hiyo.

Kwenye tairi la mashindano mambo ni yale yale. Tairi likizunguka, sehemu inayogusa chini inajikunja na kujikunjua kila mzunguko, na nguvu inayotumika kulikunja hairudi yote, nyingine inabaki ndani kama joto. Hicho ndicho chanzo cha kwanza. Cha pili ni msuguano wa uso wa tairi na barabara unapokata kona, unapokanyaga mafuta au breki. Cha tatu ni breki zenyewe, ambazo joto lake hupita kwenye ringi na kuingia ndani. Hewa na lami vinapoza. Kwa hiyo kuna joto la aina mbili ndani ya tairi moja: joto la uso, linalopanda na kushuka ndani ya sekunde, na joto la mwili wa tairi, ambalo ni zito kama mzee wa kijiji, linachukua dakika kadhaa kuamka na dakika kadhaa kulala. Kumbukeni hizo aina mbili, maana historia yote ya magemu haya iko hapo.

Halafu kuna upepo. Hapa naomba jamaa wa uhandisi akague hesabu yangu. Ukijaza tairi PSI 20 asubuhi ya nyuzi 20, likifika nyuzi 90 upepo wake ni kama PSI 28, bila mtu kuongeza kitu. Lakini ukijaza hizo hizo PSI 20 mchana wa Dar, tuseme nyuzi 32, utaishia kwenye PSI 26 na nusu hivi. Tofauti ndogo? Upepo ukizidi, tairi linavimba katikati na kugusa lami kwa mstari mwembamba. Ukipungua, mabega ya tairi ndiyo yanabeba gari. Ndiyo maana mafundi wa mashindano hupima joto sehemu tatu za kila tairi, ndani, katikati na nje, kwa kipimajoto chenye sindano. Katikati kukichemka kuliko pembeni, punguza upepo. Pembeni kukichemka kuliko katikati, ongeza. Upande wa ndani ukizidi sana, gurudumu limelazwa mno kwa ndani. Namba tatu mara matairi manne, kumi na mbili. Hizo ndizo namba anazoziita mapambo.

Na msidhani ni mambo ya Wazungu wenye pesa tu. Basi la mkoani linalotembea na upepo pungufu lina tatizo hilo hilo: ubavu unajikunja kupita kiasi, joto linajilimbikiza ndani, mwisho kashata zinabanduka au tairi linapasuka. Kule Marekani mwezi Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilirudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka magari yakiwa mwendoni. Serikali yao ilihesabu vifo 271 vilivyohusishwa na matairi hayo. Joto, mwendo kasi na upepo mdogo vyote vilitajwa kwenye kesi hiyo. Sheria iliyopitishwa mwaka huo huo ndiyo iliyoleta ile taa ya upepo wa tairi kwenye dashibodi za magari mapya.

Sasa turudi kwenye kompyuta. Mwaka 1987 David Kaemmer na Omar Khudari walianzisha kampuni iitwayo Papyrus huko Massachusetts. Mwaka 1989 wakatoa gemu la Indianapolis 500, na watu wa fani hii wanalihesabu kama moja ya mababu wa gemu linalojaribu kuiga gari badala ya kuiga mbio. Kompyuta za wakati ule mnazijua kwa kusikia tu, simu yako ya tochi labda ina nguvu zaidi. Yakafuata ya IndyCar mwaka 1993 na NASCAR mwaka 1994. Halafu mwaka 1998 likaja lile lililowaliza watu: Grand Prix Legends.

Gemu hili linahusu msimu wa Formula 1 wa mwaka 1967. Magari hayana mabawa, injini zina hasira, matairi ni membamba na yana kashata, maana tairi kipara halikufika Formula 1 hadi mwaka 1971. Unatoka, unakanyaga mafuta kama ulivyozoea kwenye Need for Speed, gari linazunguka kama pia. Unarudi, unazunguka tena. Halikuuza vizuri, lakini waliolivumilia waligundua kitu: ukiingia kwenye ukurasa wa kuseti gari baada ya mizunguko michache, unakuta joto la kila tairi limeandikwa, ndani, katikati, nje. Zile zile namba kumi na mbili za fundi! Gemu linakwambia umeendeshaje, na halikusifii. Kwa mie mtu wa historia hii ni nyaraka, gari limekuandikia ripoti. Mtindo huo uliendelea hadi gemu la mwisho la Papyrus, NASCAR Racing 2003 Season, ambalo lilikuonyesha pia upepo wa tairi likiwa la baridi na likiwa la moto.

Hapo lakini jamaa wa uhandisi ana hoja, na lazima niiseme kwa haki. Namba zilitoka wapi? Mwaka 1987 watafiti akiwemo Hans Pacejka wa chuo cha Delft, Uholanzi, walichapisha mlinganyo wa kueleza nguvu za tairi, ambao watu wanauita kanuni ya kimiujiza. Kwa nini miujiza? Kwa sababu haukutoka kwenye sheria za fizikia. Walipima tairi kwenye mashine, wakapata mchoro wenye mlima, wakatafuta hesabu inayochora mlima huo huo. Unafanya kazi vizuri mno, hadi leo unatumika kwenye viwanda vya magari na kwenye magemu mengi. Ila mlinganyo ule wa mwanzo hauna joto ndani yake. Haulijui. Kwa hiyo mtengeneza gemu aliyetaka joto alilazimika kulipachika kwa nje: tairi likiwa nyuzi fulani lipe mshiko wote, likiwa chini au juu ya hapo punguza kidogo kidogo. Kama kuongeza chumvi chakula kikiwa tayari mezani.

Mnaweza kuiona chumvi hiyo kwa macho. Gemu la rFactor, lililotolewa mwaka 2005 na Image Space Incorporated, lina faili la tairi ambalo ni maandishi matupu, unalifungua kwa Notepad. Ndani yake kuna mstari unaotaja nyuzi ambazo tairi linashika vizuri zaidi na nyuzi linazoanza nazo. Badilisha namba, hifadhi, washa gemu, tairi lina tabia mpya. Wapenzi wa magemu duniani kote walikaa usiku kucha wakitunga matairi yao. Wengine waliyatunga vizuri. Wengine, Mungu awasamehe. Kampuni za matairi hazitoi siri zao, data za tairi la mashindano hufichwa kuliko mitihani ya mwisho wa muhula, na hata zikipatikana, mashine ya kupimia hailiumizi tairi kama kona ya mwendo wa 250 inavyoliumiza. Kwa hiyo mtunzi wa tairi la gemu yuko kama sisi tunapoandika historia ya mji ambao kumbukumbu zake zimeungua: una vipande, una mantiki, mengine unakisia ukiwa umekunja uso.

Gemu ninalolipenda kuliko yote ni la watu watatu tu, Scawen Roberts, Eric Bailey na Victor van Vlaardingen. Linaitwa Live for Speed, na toleo lao la S2 lilitoka mwaka 2005. Hawakuwa na leseni ya magari makubwa, hawakuwa na matangazo. Walichokuwa nacho ni tairi. Unabonyeza F9 ukiwa barabarani, unaona matairi yako manne yakibadilika rangi mbele ya macho yako, uso ukiwaka kona ikianza na kupoa ukitoka. Funga breki hadi gurudumu ligande, unapata doa bapa, na doa hilo linakutetemesha hadi ubadilishe tairi. Toleo lao la majaribio ni la bure, lina uwanja wa Blackwood, na linakubali kompyuta ya mkopo yenye feni inayolia. Ndiyo maana ligi ya bweni tunachezea hilo na si mengine (sababu nyingine ni kwamba hatuna hela).

Na ni humo ndimo nimejifunza kulea joto. XF GTI inavutwa na magurudumu ya mbele, ambayo yanakata kona, yanasukuma gari na kubeba sehemu kubwa ya breki, kazi tatu. Ukiliburuza kwenye kona huku usukani umeukata mpaka mwisho, uso wa mbele unawaka, mshiko unapungua, unaongeza usukani, unawaka zaidi. Hapo umeingia mtegoni. Dawa ni kurudisha usukani kidogo na kuachia mafuta, kitu ambacho moyo unakataa kabisa ukiwa unafukuzwa. Kwenye uwanja unaozunguka kama saa kona nyingi ni za kulia, hivyo matairi ya kushoto ndiyo yanateseka, na upepo wa kushoto na wa kulia si lazima ulingane. Na ule mtindo wa kuyumbayumba kabla ya mbio kuanza unachemsha uso tu. Mwili wa tairi unautaka mafuta na breki, mafuta na breki, tena na tena.

Kaemmer wetu wa Papyrus hakustaafu. Kampuni ilifungwa mwaka 2004, na mwaka huo huo yeye na tajiri John Henry, mmiliki wa timu ya besiboli ya Boston Red Sox, wakaanzisha iRacing, ambayo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2008. Mwaka 2011 akafanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa la ujasiri kuliko yote katika historia hii: akaachana na mlinganyo uliochorwa kufuata vipimo, akajenga tairi jipya kutoka chini, kwa tabia ya mpira, nyuzi za ndani na hewa, joto likiwa ndani ya hesabu na si chumvi ya mezani. Joto la uso likatengana na la mwili. Wachezaji walishangilia kisha wakanuna. Walilalamika kwamba ukiteleza kidogo tu uso unachemka na gari halisameheki kwa muda mrefu. Tairi lile limefanyiwa marekebisho mara nyingi tangu hapo. Waitaliano wa Kunos nao, waliotoa Assetto Corsa mwishoni mwa 2014, walikwenda njia yao wakiwa na ofisi kando ya uwanja wa Vallelunga, na sifa ya tairi lao ni kwamba unalisikia mkononi kabla hujaangalia namba yoyote.

Je, ujuzi huo unavuka kutoka skrini kwenda lami? Mwaka 2010 jarida la Top Gear lilimchukua Greger Huttu wa Finland, aliyekuwa bingwa wa iRacing, likampeleka Road Atlanta kuendesha gari halisi la Star Mazda. Jamaa aliendesha vizuri hadi wenyeji wakashangaa, anajua breki inaanzia wapi. Kilichomshinda ni mwili. Ulimgomea, akatapika. Tairi la gemu lilikuwa limemfundisha ukweli wa kutosha. Tumbo halikufundishwa.

Niliwaahidi mambo ya kufa na kupona kwenye mbio zenyewe. Tarehe 1 Mei 1994 kule Imola kulitokea ajali mwanzoni mwa mbio, ikaingia gari la usalama, Opel Vectra ya kawaida, na magari ya Formula 1 yakatembea nyuma yake mizunguko kadhaa kwa mwendo ambao kwa matairi yale ni usingizi. Tairi likipoa, upepo unashuka. Upepo ukishuka, gari linakaa chini zaidi. Mbio zikafunguliwa mzunguko wa sita, na mzunguko wa saba Ayrton Senna akatoka nje ya kona ya Tamburello na kufariki. Mahakama za Italia ziliona chanzo ni mhimili wa usukani uliovunjika. Wapo watu wa mbio ambao hadi leo wanaamini matairi yaliyopoa na gari lililogusa chini yalihusika. Mie siwezi kuamua hapa, ila ubishi wenyewe unatosha kuonyesha uzito wa hizo nyuzi.

Tangu miaka ya 1980 timu za Formula 1 huyafunika matairi kwa blanketi za umeme kabla hayajafungwa. Wakubwa wamekuwa wakitaka kuziondoa, kwa gharama na kwa kuokoa umeme. Mwaka 2022 joto la blanketi lilishushwa hadi nyuzi 70, kutoka 100 mbele na 80 nyuma, na ilipangwa ziondolewe kabisa mwaka 2024. Julai 2023 timu zikapiga kura, blanketi zikabaki. Upande wa mbio ndefu za dunia, za kina Le Mans, zilipigwa marufuku kuanzia msimu wa 2023. Mwezi Aprili huko Spa, Brendon Hartley wa Toyota akagonga kwenye muda wa kupanga nafasi, na Antonio Fuoco wa Ferrari akagonga kwenye mbio zenyewe, wote matairi yakiwa ya baridi. Hawa ni madereva wa kulipwa, si sisi wa kibodi. Waandaaji wakarudisha blanketi kwa ajili ya Le Mans ya Juni mwaka huo. Magari ya IndyCar kwa upande wao hayana blanketi, ukitoka piti unatoka na baridi yako, utajua mwenyewe.

Kwa hiyo jamaa wa uhandisi nampa nusu. Ndiyo, namba nyingi kwenye magemu zilikisiwa, na nyingine zilipachikwa juu ya hesabu isiyojua joto. Lakini kukisia kitu ambacho kipo si sawa na kukipamba kitu ambacho hakipo. Akitaka nusu iliyobaki aje Jumamosi saa mbili usiku, Blackwood, mizunguko 20, XF GTI, bila kubadilisha tairi, na F9 tumeifunika kwa karatasi kwenye skrini zote. Umeme ukikatika tunahesabu mzunguko wa mwisho uliokamilika. Wenye chaja njooni nazo.